Masale Tuliyoyapanga Mstari

Bibi mmoja wa mlimani alikaa kwenye benchi letu, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe, akatuombea dua sote. Alisema Mungu awape umri mrefu waliokumbuka magoti ya wazee. Kisha akageuza kichwa taratibu, kulia, kushoto, akatazama nyuma yake, akauliza, "Masale yangu yako wapi?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya kokoto. Sikuiweka chini, na sikujua kwa nini sikuiweka chini.

Aliyejibu ni mwenzetu mwenye duka, mama mmoja wa Moshi, na alijibu kwa furaha kabisa. "Yako pale mwanzo wa njia, bibi. Hujayaona kwa kuwa umetokea juu. Ukishuka utayakuta, tumeyapanga vizuri pande zote mbili."

"Mmeyapanga."

"Ndiyo, bibi. Humu yalikuwa yamekaa hovyohovyo."

Bibi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu anayejaribu kusikia sauti ya mbali.

"Hayakukaa hovyo," alisema. "Yalikaa juu ya watu."

Ninaandika haya sasa, baada ya miezi kadhaa, na bado sentensi hiyo inanipiga kifuani kila ninapoikumbuka. Tulikuwa watu tisa au kumi pale, kila mmoja ana fyekeo au jembe au panga mkononi, na wote kwa pamoja tukatazama chini, kwenye miguu yetu. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alisogea hatua moja kando. Halafu akagundua kwamba hajui kama alikosogea ni salama zaidi, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Hakuna aliyecheka.

Inabidi nieleze tulifikaje hapo, maana mtu anaweza kudhani tulikuwa wahuni.

Tunaishi kwenye safu ya mwisho ya nyumba, juu kidogo ya Kilakala hapa Morogoro, pale barabara inapokata tamaa na mlima unapoanza. Kati ya nyumba zetu na mashamba ya Waluguru huko juu kuna msitu mdogo. Ni mali ya umma, yaani ni wa kila mtu, na kwa muda mrefu maana yake ilikuwa kwamba si wa yeyote. Watu walitupa takataka ukingoni, wengine walichoma mkaa ndani, na njia inayopita katikati ilikuwa imegeuzwa mfereji na mvua. Njia hiyo ndiyo wanayoshukia kina mama wa mlimani na matenga ya njegere, karoti na ndizi kichwani kwenda sokoni. Siku moja mmoja wao aliteleza mbele ya macho yetu, mkono ukavunjika. Mwalimu mstaafu akatukusanya chini ya kibaraza chake, akasema tusingoje serikali ije ituoneshe pa kukanyaga. Tukaanza kukutana kila Jumamosi asubuhi.

Mimi nilipewa njia. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na kazi yangu ni kutengeneza redio, pasi na feni, lakini nina tabia ya kutokiacha kitu mpaka nimekielewa. Nilitafuta vitabu vya zamani vya kilimo cha milimani, nikasoma jinsi ya kuyatoa maji njiani kabla hayajapata mwendo. Tulichimba michepuko, tukalaza magogo kama ngazi, tukafunga kamba ya kushikia pale kwenye kijito. Wenzangu walifyeka magugu, wakazoa chupa na mifuko. Msitu ukaanza kupumua. Kina mama walipopita walitushangilia, na mmoja alituachia fungu la matunda damu juu ya gogo bila kusema neno.

Katikati ya mpando kulikuwa na mahali tambarare. Kwenye mteremko mkali kama ule, tambarare ni zawadi. Hapakuwa na mti mkubwa, ni vichaka tu na masale, yale majani marefu ya kijani yanayosimama kama mikuki, moja hapa, jingine pale. Nikasema hapa pafaa benchi, mtu apumzike na mzigo wake kabla ya kumaliza kilima. Nikalitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga zilizobaki kwa jirani, na miguu yake nikaizika kwenye zege ili watu wasiliibe.

Masale yalikuwa wazo la mwenye duka. Kwao Moshi, sale ni mmea wa heshima. Unapandwa kuzunguka kihamba, lile shamba la ukoo, unaonesha mpaka, unaonesha kwamba hapa pana watu wenye adabu. Aliyaona yamesongwa na vichaka akasikitika. "Jamani, mmea kama huu unaachwa porini kama yatima?" Siku hiyo kila mtu akang'oa, tukayashusha kwa mabega, nami nikavuta kamba ili mstari unyooke. Ulinyooka kweli. Tulipiga picha nyingi.

Hakuna kati yetu aliyekuwa mzaliwa wa mlima ule. Ualimu, biashara na ndoa ndivyo vilivyotuleta Morogoro. Hata mwenyekiti wa mtaa aliyetupa ruhusa ni mtu wa kuja. Kati yetu hatukuwa na wa kumuuliza, na ukweli mchungu zaidi ni kwamba hatukuwa na swali.

Na mahali pale tambarare nilipopasifu! Mlima haujisawazishi wenyewe. Mtu anayejua habari za maji na mteremko angepaswa kushtuka alipoona udongo umekaa sawa namna ile. Kuna mikono iliyousawazisha.

Bibi alituambia yote akiwa ameketi palepale. Sauti yake ilikuwa na ule mvuto wa Kiluguru, maneno yanapanda mwishoni kama njia zao. Alisema yale yalikuwa makaburi ya ukoo wake, upande wa mama, tangu kabla pale hapajaitwa msitu wa mtu yeyote. Baadaye maziko yalihamishiwa kwingine, waliojua wakabaki wachache, lakini waliolala walibaki wamelala. Hawakujengewa. Mtu mzima aliwekewa sale kichwani na sale miguuni. Mtoto aliwekewa moja tu.

"Wangu aliwekewa moja," alisema, "kwa kuwa alikuwa mfupi."

Yule alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kutembea. Kila alipopita kwenda sokoni alikuwa akitua tenga, anang'oa majani kuzunguka lile sale, anaendelea na safari. Mwaka huu aliugua miguu kiangazi chote. Hakushuka. Ndicho kiangazi tulichofanya usafi.

"Sasa nahama," aliendelea. "Mlima umenishinda. Binti yangu yuko Kisaki, ana shamba na nyumba ya bati, mvua zikianza atakuja kunichukua. Hajawahi kuoneshwa dada yake amelala wapi. Kwetu kitu hiki hupita kwa mama kwenda kwa binti. Nilikuwa nimuoneshe, ndipo niondoke." Akatazama mbao za mninga alizokalia. "Sasa nitamuonesha nini? Benchi?"

Mwenye duka alikuwa ameanza kulia zamani. Alikimbia kushuka njia yote hadi chini, akarudi anahema, ameshika jani la sale alilolifunga fundo. Akapiga magoti mbele ya bibi, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Ninajua maana ya kitendo hicho kwa sababu alishatueleza siku ya kupanda. Kwao, hata kama umemwaga damu ya mtu, ukimpelekea sale lililofungwa fundo hawezi kukukatalia msamaha. Ni mwisho wa neno. Kwa mtu wa Moshi hakuna kitu kikubwa zaidi ya hicho cha kushika mkononi.

Bibi alirudi nyuma kana kwamba amepelekewa nyoka.

"Hili ni la nani?" aliuliza.

"Ni… nimelichuma pale chini, bibi."

"Nakuuliza la nani. Lilikuwa kichwani kwa nani? Kwa mama yangu? Kwa mjomba?" Alilinyooshea jani kidole. "Unamvua marehemu kofia, halafu unakuja kuniomba msamaha kwa kofia ileile?"

Nimeishi miaka zaidi ya hamsini na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama ulivyobadilika uso wa mwenye duka. Alibaki na lile jani mikononi. Hakuweza kulitupa, hakuweza kulishika. Mimi ndoo yangu ya kokoto bado ilikuwa mkononi.

Kati yetu alikuwepo dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wake, Mnyamwezi wa Tabora. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kubeba pembe kwenda pwani, na kila bibi huyo alipopita zamani walikuwa wakirushiana maneno. Yeye humwambia, "Nyie mlikimbilia mlimani kuwaogopa babu zetu." Naye humjibu, "Babu zako walipita hapa wanaomba maji. Tuliwapa, wakanywa, wakakojoa kisimani, ndiyo maana tukapanda juu zaidi." Siku ile dereva alikuwa amejificha nyuma ya mwalimu, ameinamisha kichwa.

Bibi akamtafuta kwa macho. "Mtani."

"Naam, bibi."

"Umekaa kimya."

"Bibi, leo…"

"Leo nini? Mtani gani huyo asiyesema msibani? Kwenye harusi unapiga kelele kama kasuku, leo nina msiba umeziba mdomo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa anamwamuru afanye mzaha. Dereva akatoka mbele.

"Basi… basi bibi, sisi tuliwaonea huruma," alianza. "Waluguru mmebanana mlimani mkiwa hai, mmebanana mkiwa wafu. Tukasema tuwape hewa kidogo."

Nilifumba macho.

"Hewa," alisema bibi.

"Na benchi. Wakiamka siku ya kiyama wasikae chini."

Bibi akatoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mshenzi," alisema. "Mshenzi mkubwa wewe. Nipandishie tenga." Dereva akamtwisha, akamsindikiza mpaka sokoni. Benchi likabaki tupu, na tangu saa ile hakuna aliyethubutu kulikalia.

Nyumbani nilifanya kitu pekee ninachokijua, yaani kutafuta hitilafu ilipo. Kwenye simu nilikuwa na picha zote za siku ile ya kung'oa. Nikakaa nazo mezani kama ninavyokaa na redio iliyofunguliwa. Nilifikiri nitaona masale yalivyosimama kabla, nipime umbali kutoka mti hadi mti, nichore ramani, nirudishe kila moja mahali pake.

Nilitazama picha moja baada ya nyingine, na mshtuko wa pili ukanipata. Zote zilikuwa sisi. Mwalimu na fyekeo begani. Mwenye duka anacheka, ameinua sale juu kama kombe la mpira. Mimi na kamba yangu. Nyuma ya vichwa vyetu kulikuwa na ukungu wa kijani tu, simu haikuona sababu ya kuushika. Niliwaomba wenzangu watume zao kwenye kundi letu. Zikaja nyingi, na zote zilikuwa nyuso. Msitu tuliosema tunaupenda haukuwemo hata kwenye picha moja.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda pale mwanzo wa njia kutazama ule mstari. Masale yalikuwa yamenyauka. Sale ni mmea mgumu, likihamishwa vizuri hushika. Lakini haya majani yake yalikuwa yanajikunja, mengine yamekuwa ya kahawia kana kwamba yameunguzwa kwa pasi. Nikainama, nikashika moja, nikalivuta kidogo. Likatoka bila ubishi. Nikaligeuza nikatazama chini yake kama ninavyotazama waya uliokatika. Mizizi haikuwepo. Lilikuwa limevunjika shingoni, juu tu ya mizizi. Nikavuta la pili na la tatu, yote yalikuwa hivyohivyo.

Tulikuwa tumeyang'oa kwa kuyavuta, kama watu wenye haraka, na tulipoyachomeka hakuna aliyetazama chini yake; tulitazama mstari. Mizizi ilibaki kule juu, ndani ya udongo.

Nilikimbia hadi kwa mwalimu, na si kawaida yangu kukimbia. Aliponisikiliza alisema twende na majembe tuitafute. Lakini safari hii tulikuwa na swali, na tulikuwa na wa kumuuliza. Dereva alipanda kwa bibi, akarudi na jibu: "Amesema msichimbe. Amesema mmeshachimba vya kutosha. Kama mizizi ipo, mvua itasema."

Hivyo tukangoja mvua. Sijui kama msomaji amewahi kungoja mvua pamoja na watu wenye hatia. Morogoro mlima unaonekana kila mahali mjini, na kila asubuhi niliamka kutazama kama vilele vimefunikwa. Mawingu yalikuwa yanakuja, yanakaa, yanaondoka kuelekea Mzinga kama yanayotukwepa makusudi. Jumamosi tulikutana kama kawaida na hatukuwa na la kufanya. Tulizungushia kamba ile tambarare yote, tukasimama nje yake. Kina mama walipopita hawakutushangilia tena. Habari zilikuwa zimeshapanda mlima. Walisema "shikamooni" na "habari za kazi" kwa sauti iliyopimwa, wakapita.

Mwenye duka hakusimama tu. Alimtuma dereva akaulize kama anaweza kumwagilia, na bibi akasema maji hayajawahi kumkosea mtu. Basi kila jioni alifunga duka mapema, akapanda na ndoo kichwani kutoka kijitoni. Hakujua amwagie wapi, kwa hiyo alimwagia pote, kutoka kwenye ukingo wa kamba, kwa kikombe, kidogokidogo. Mumewe alimwambia atakufa kwa kilima. Akamjibu, "Nikifa unizike Moshi, na usiniwekee sale." Lile jani la fundo alilihifadhi dukani, juu ya rafu ya sabuni. Nililiona limekauka, bado limefungwa.

Mvua ilikuja alfajiri moja, kubwa, ya kupiga bati mpaka watu hawasikilizani. Ilirudia siku zilizofuata. Na asubuhi moja dereva alinipigia simu, anahema. "Fundi, zimetoka."

Zilikuwa ncha ndogo, za kijani kibichi, zimekunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Tulizitazama kutoka nje ya kamba. Bibi aliruhusu mtani peke yake aingie, kwa kuwa mtani hana najisi msibani, na yeye akawa anachomeka kijiti kando ya kila chipukizi. Tukaanza kuona. Hapa moja, na urefu wa mtu mbele yake, jingine. Kichwani, miguuni. Pale tena. Na pale. Nilikuwa nimepita juu yao kwa toroli la mchanga. Mwalimu mstaafu alivua kofia na hakuivaa tena asubuhi ile.

Lakini yote yalikuwa mawili mawili. La peke yake halikuwepo.

Binti wa bibi alifika wiki ileile kwa basi la Kisaki, barabara ikiwa tayari imeanza kuwa tope. Ni mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mvi zimeanza kumchungulia kwenye mtandio. Walishuka wote wawili kutoka juu, mizigo ya kuhama ikiwa imetangulia. Bibi alipita katikati ya vijiti akiwataja waliolala. Mama yangu. Mjomba. Huyu ni yule aliyekuwa anapiga ngoma. Binti alikuwa anafuata nyuma, anaitikia. Kisha wakafika mwisho wa vijiti, bibi akasimama.

"Na dada?" aliuliza binti.

Bibi alizunguka. Akarudi. Alitazama mti mmoja, akatazama mwingine, akanyoosha mkono kama anayepima, mkono ukashuka. Nilimwona akiwa mzee kuliko alivyokuwa dakika moja kabla. "Alikuwa hapa," alisema. "Alikuwa hapahapa. Nilikuwa natua tenga namwona."

Dereva alikuwa ameanza kutambaa. Nasema kutambaa, kwa magoti na mikono, pua karibu na ardhi. Kwa kawaida angesema neno la kuchekesha juu yake mwenyewe. Hakusema. Akafika kwenye benchi langu, akainamisha kichwa, akatazama chini yake, pale ambapo fyekeo haliingii, kwa hiyo nyasi zilikuwa zimeachwa ziote zitakavyo. Akakaa vile muda mrefu, makalio juu, bila kusogea.

"Fundi," aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo."

Lilikuwa kati ya miguu miwili ya benchi. Moja tu. Lilikuwa refu kuliko mengine, jembamba, limejikunja pembeni kutafuta mwanga. Lilikuwa limetokea kwenye ufa mwembamba kati ya udongo na zege langu.

Nikakumbuka bibi alivyokaa pale siku ile ya kwanza. Alivyolipigapiga kwa kiganja. Alivyotuombea umri mrefu. Nikashika mti.

Bibi alikuja, akakaa chini kwenye majani yenye maji, akanyoosha miguu yake mibovu. Akagusa lile jani kwa kidole kimoja. Hakulia. Akamvuta binti mkono, akamketisha.

"Huyu ndiye," alisema. "Msalimie."

Binti alisita. Alitutazama sisi tuliosimama nje ya kamba, akatazama chini ya benchi.

"Msalimie vizuri. Ni mkubwa kwako."

Yule mwanamke mwenye mvi aliinama mpaka mtandio ukagusa tope. "Shikamoo, dada," alisema.

Bibi akaitikia kwa niaba ya mtoto ambaye hakuwahi kujua kutembea. "Marahaba."

Nyuma yangu mwalimu mstaafu aligeuka akatazama miti. Mimi sikuweza kugeuka. Kijito kilikuwa kinasikika chini.

Hatimaye bibi aliinua kichwa, akanitazama moja kwa moja. "Fundi, kiti chako ni kizuri," alisema. "Mbao nzuri. Lakini kimemkalia kifuani."

Niliondoka kwenda nyumbani kuchukua nyundo na tindo. Nikiwa njiani nilipishana na mwenye duka anapanda, amepata habari, ameacha duka wazi. Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye kamba, mikono mitupu, hajui aingie au asiingie. Bibi alimwita.

"Mama wa maji."

"Abee, bibi."

"Kisaki ni mbali. Binti yangu atakuja mara moja kwa mwaka, barabara ikikubali. Katikati ya hapo majani yataota." Alimpa muda aelewe. "Lile jani lako sitalipokea. Kwetu halina kazi hiyo. Wewe njoo ufagie."

Mwenye duka aliitikia kwa kichwa. Akavua kandambili, akaingia ndani ya kamba pekupeku, akaanza kuokota majani makavu kuzunguka kijiti cha kwanza.

Nami nikapiga magoti kwenye mguu wa benchi. Nilipopiga nyundo mara ya kwanza, mlio ulizunguka msitu mzima, na wote tulishtuka.

"Polepole, fundi," alisema dereva. "Waluguru wana usingizi mwepesi."

"Nyamaza, mbeba pembe," alisema bibi, bila kumtazama, na binti yake akacheka mara ya kwanza.

Nilipiga polepole, kiganja kimoja kikilinda lile chipukizi lisirukiwe na vipande. Basi la Kisaki lilikuwa linaondoka mchana, na bibi alisema hatapanda mpaka aone kifua cha mwanawe kiko wazi. Lakini zege nilikuwa nimelichanganya kwa kipimo, kokoto safi, mchanga uliochekechwa, saruji ya kutosha, kama vitabu vilivyonifundisha. Halikuwa na ufa wa kunisaidia isipokuwa ule aliokwisha kuufungua mtoto mwenyewe. Nikaweka tindo hapo.